Shilingi ya Mstaafu na Bei ya Unga

Karani aliye kazini hulalamika bei za vitu zinapopanda, na ana haki ya kulalamika. Lakini karani huyo ana mlango wa kutokea. Aweza kuomba nyongeza, aweza kukitegemea chama cha wafanyakazi, aweza hata kuiacha kazi hiyo akatafuta nyingine. Mstaafu hana mlango huo. Fedha zake zilikwisha pigiwa hesabu siku ile alipokabidhi funguo za ofisi, na hesabu hiyo haifunguliwi tena kwa sababu unga umepanda, wala kwa sababu nauli ya kutoka Dagoretti Corner mpaka mjini imeongezwa na mvua ya asubuhi.

Jambo hili laonekana wazi katika mitaa ya upande wa magharibi wa Nairobi: Jamhuri, Woodley, na nyumba zilizo kando ya Ngong Road mpaka Dagoretti. Wako huko wazee wengi waliotumika katika wizara, reli, posta, mashule na Halmashauri ya Jiji, ambao walipostaafu hawakurudi makwao. Wengine walikuwa wamejipatia nyumba. Wengine ni wapangaji hata leo. Na wengine hawana pengine pa kwenda, ingawa si rahisi mtu mzima kukiri hivyo mbele ya wenzake. Ngong Road imepanuliwa kwa msaada wa Japani, maghorofa yameota pande zote mbili, na thamani ya viwanja imekwenda juu. Kwa mwenye nyumba hizo ni habari njema. Kwa mpangaji mwenye umri wa miaka sabini, habari hiyo humfikia kwa barua ya kumtaka aongeze kodi.

Yafaa kwanza kueleza jinsi pensheni ya mtumishi wa Serikali inavyopatikana, maana hata miongoni mwa waipokeao wako wengi ambao hawakuelezwa kamwe. Kwa utaratibu wa zamani, ulio katika Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, huchukuliwa miezi yote mtu aliyotumika, ikazidishwa na mshahara wake wa mwisho wa mwaka mzima, kisha jumla ikagawanywa kwa 480. Hapo hupatikana pensheni ya mwaka. Mstaafu aweza kuchagua kuikata robo ya pensheni hiyo ili alipwe kwa mkupuo. Robo hiyo huzidishwa mara 20, nayo ndiyo inayoitwa kiinua mgongo. Robo tatu zilizobaki hulipwa mwezi kwa mwezi mpaka mwisho wa maisha yake.

Chukua mfano wa karani aliyetumika miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi 24,000 kwa mwezi. Mshahara wa mwaka ni shilingi 288,000. Pensheni yake ya mwaka ni shilingi 216,000. Robo yake ni 54,000, na ikizidishwa mara 20 kiinua mgongo huwa shilingi 1,080,000. Zinazobaki ni shilingi 162,000 kwa mwaka, au 13,500 kwa mwezi. Basi mtu aliyezoea kuendesha nyumba kwa shilingi 24,000 hana budi kuiendesha kwa zaidi kidogo ya nusu ya fedha hizo, na nyumba ni ile ile.

Hilo la kwanza mzee hulijua mapema, na mwenye busara hujiandaa. La pili ndilo linalomshinda. Pensheni za Serikali huongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Ni heri kuliko kutoongezwa, lakini msomaji mwenye penseli na afanye hesabu. Baada ya miaka 10 na nyongeza tano, shilingi 13,500 za karani yule zitakuwa zimefika 15,650 hivi. Ikiwa katika miaka hiyo hiyo bei za vitu zitakuwa zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, basi vitu alivyokuwa akivinunua kwa shilingi 13,500 vitataka shilingi 24,000 na zaidi. Tofauti ya zaidi ya shilingi 8,000 haitoki popote. Hutoka katika nyama, halafu katika maziwa, halafu katika dawa.

Na asilimia 6 ni makisio ya upole. Mwaka 1993 bei nchini Kenya zilipanda kwa karibu asilimia 46 katika mwaka mmoja, na waliostaafu kabla ya mwaka huo waliona pensheni zao zikiyeyuka mikononi kama chumvi ndani ya maji. Mwezi wa Novemba 2011 kiwango kilikaribia asilimia 20. Mwezi wa Oktoba 2022 kilikuwa asilimia 9.6. Hesabu hizi za wataalamu ni za vitu vyote kwa pamoja, lakini mzee hanunui vitu vyote kwa pamoja. Hanunui redio mpya wala viti vipya. Hununua unga, mafuta, sukari, sabuni, nauli na dawa, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyotangulia kupanda. Mwaka 2017 Serikali ililazimika kugharamia unga wa mahindi ili pakiti ya kilo 2 iuzwe shilingi 90. Mwaka 2022 pakiti hiyo hiyo ilipita shilingi 200, na Serikali ikaigharamia tena kwa muda mfupi ili iuzwe shilingi 100. Mwezi wa Septemba 2023, baada ya kodi ya mafuta kuongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16 katika mwezi wa Julai, lita ya petroli mjini Nairobi ilifika shilingi 211, na mafuta ya taa, ambayo ni moto wa maskini, yakapita shilingi 200 kwa lita.

Bei hushuka tena wakati mwingine, ni kweli. Lakini mzee aliyeuza kabati lake ili kupita mwezi mbaya halirudishi kabati hilo katika mwezi mzuri.

Watu wa kipato hiki wana njia zao za kuvuka mwezi, na njia hizo hazikuanza jana. Mboga ile ambayo nusu ya Kenya huila kila jioni iliitwa sukuma wiki na watu waliojua maana ya kusukuma siku mpaka mshahara ufike. Mzee wa Jamhuri aliyekuwa akinunua mahitaji ya mwezi dukani kwa siku moja, sasa huyanunua kidogo kidogo kibandani. Wengine hutembea kwa miguu mpaka soko la Kawangware, au hushuka mpaka Toi, ambako nguo za mitumba na mboga huuzwa karibu karibu, kwa kuwa shilingi chache zinazookolewa hapo ni za maana kuliko uchovu wa magoti.

"Mama, nipimie nusu gorogoro ya maharagwe."

"Nusu tu, mzee? Juzi si ulichukua nzima?"

"Leo nusu yatosha, mama. Tuko wawili tu nyumbani."

Walikuwa wawili juzi pia, na mama wa kibanda anajua, lakini humpimia na kumwongezea ganja la mwisho bila neno. Ubaya wa kununua kidogo kidogo ni kwamba ndiyo njia ya ghali kuliko zote. Anunuaye mafuta ya kupikia kwa kipimo cha shilingi ishirini hulipa zaidi kwa kila lita kuliko yule achukuaye mtungi mzima. Ndivyo ilivyo kwa sukari, kwa makaa ya mkebe badala ya gunia, na kwa maji ya mtungi badala ya maji ya mfereji. Mwenye fedha chache hutozwa kodi ambayo haimo katika sheria yoyote. Wazee wa jengo moja au wa kanisa moja waweza kuchanga wakanunua gunia la mahindi na debe la maharagwe wakagawana. Wako wafanyao hivyo, na inashangaza kwamba si wengi zaidi, katika nchi ambayo akina mama wamekwisha kuonyesha kwa vyama vyao kwamba shilingi za watu kumi zina nguvu.

Sasa, kwa nini mzee huyu yuko Nairobi? Swali hili huulizwa kwa ukali na vijana wanaotaka nyumba, na lastahili jibu.

Katika siku za ukoloni mishahara ya Waafrika mjini ilipangwa kwa kudhani kwamba kila mfanyakazi ni kijana asiye na mke, na kwamba akichoka atarudi katika shamba la baba yake. Shamba ndilo lililohesabiwa kuwa pensheni yake. Mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947 ulitokana na gharama za maisha, na mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa taarifa kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za makampuni, na karibu robo ya wale wa kazi za Serikali, walikuwa wakilipwa ujira usiotosha mahitaji ya lazima. Kamati hiyo ilitaka ujira wa chini upandishwe polepole, uwe ujira wa kutunza jamaa badala ya ujira wa mtu mmoja. Ilitambua pia kwamba mtu hawezi kuwa mkaaji wa mji kwa kweli ikiwa hana nyumba ya kudumu humo wala tegemeo la uzeeni. Maneno hayo yaliandikwa miaka sabini na zaidi iliyopita, na bado kuna wazee ambao yawaelekea kana kwamba yaliandikwa jana.

Baada ya uhuru, mwaka 1965, iliundwa Hazina ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, kwa ajili ya wafanyakazi wasio na pensheni ya Serikali. Ilikuwa hatua njema, ila michango iliwekwa kwa kiwango kisichokwenda na bei. Kwa miaka mingi, kuanzia 2001, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi zisizozidi, na mwajiri akaongeza 200. Aliyechangia hivyo miaka 20 mfululizo aliweka, yeye na mwajiri wake pamoja, shilingi 96,000, ukiacha faida iliyoongezwa. Mlinzi wa usiku aliyelinda ghala la Industrial Area kwa miaka hiyo yote akikabidhiwa fedha hizo na faida yake zote kwa siku moja, zitamchukua miezi mingapi? Sheria mpya ya mwaka 2013 ilikusudia kurekebisha jambo hilo, lakini ilikaa mahakamani karibu miaka 10, ikaanza kutumika Februari 2023, na tangu hapo michango imekuwa ikipandishwa hatua kwa hatua kila mwaka. Watakaofaidi ni vijana wa leo. Wazee waliokwisha toka walitoka na kile kilichokuwako. Kadhalika watumishi wa Serikali waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa katika mpango mpya tangu Januari 2021, ambao wao hukatwa sehemu ya mshahara, iliyoanzia asilimia 2 na kufika asilimia 7.5, na Serikali huongeza asilimia 15. Karani kijana asomaye ukurasa huu asiikasirikie karatasi yake ya mshahara kwa makato hayo. Ndiyo makato pekee humo yatakayomrudia.

Basi je, mzee na arudi shambani? Kwa wengi ndilo jibu jema, na waliofanya hivyo mapema wako katika hali bora kuliko wenzao. Mwenye nyumba yake Jamhuri akiipangisha, akahamia kwao Murang'a, Machakos au Siaya, hupata kodi kila mwezi, na kodi, tofauti na pensheni, hupanda pamoja na bei za vitu. Huko hana nauli ya kila siku, kuku hujitafutia, na ng'ombe mmoja mwenye majani ya kutosha ni sawa na nyongeza ya pensheni ambayo haihitaji kupita Bungeni. Lakini sharti mambo yatazamwe kama yalivyo. Shamba ambalo baba yake aliliandikisha baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954 limekwisha gawanywa kwa ndugu, na ndugu wamegawia wana wao. Fungu lililobaki pengine latosha nyumba na kaburi. Mtu aliyekaa mjini miaka 40 akija kudai fungu lake hupokewa kwa heshima, hupewa kiti, na usiku jamaa hawalali wakimjadili.

Liko na jambo la hospitali. Aliye na maradhi ya sukari au shinikizo la damu, naye huhudhuria kliniki Kenyatta au Mbagathi, huogopa kwenda mahali ambapo dawa zake huenda zisipatikane. Bima ya Taifa ya Hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966 ilikoma, na tangu Oktoba 1, 2024 kazi yake imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambazo hutakiwa kulipwa za mwaka mzima kwa mara moja. Shilingi 3,600 kwa pamoja si mzigo kwa mwenye duka, lakini kwa mzee anayenunua nusu gorogoro ni fedha za kuwekwa kando tangu mwezi wa kwanza. Na ziwekwe kando. Mzee anayeghairi kujiandikisha ili aokoe fedha hizo huja kuzilipa mara mia kwa usiku mmoja wa kulazwa.

Habari za kiinua mgongo ni ndefu, na hapa ndipo penye hatari kubwa na pia nafasi kubwa.

Siku fedha hizo zinapoingia benki, habari zake huwa zimekwisha tangulia. Mwana ataka karo ya chuo. Mpwa ajua mtu auzaye matatu ambayo bado ina nguvu. Kanisa lina harambee ya paa. Shemeji alikuwa akimsubiri tangu mwaka jana. Mzee ambaye kwa miaka 30 alikuwa mtu wa kawaida tu ghafla huitwa baba na watu asiowazaa, na ni vigumu kukataa, kwa kuwa wengi wa waombao wana shida za kweli, na baadhi yao walimsaidia yeye alipokuwa hana. Mtu asiseme kwamba wazee hupoteza fedha zao kwa upumbavu. Aghalabu huzipoteza kwa wema, na sehemu kubwa ilikwisha liwa kabla hazijafika, na mkopo wa Sako uliokuwa ukingoja mwisho wa utumishi.

Ila matatu ni jambo jingine. Mtu aliyeshinda ofisini miaka 30 akipanga mafaili hageuki kuwa mfanyabiashara wa magari kwa kununua gari. Dereva huleta hesabu anayoitaka, matairi huisha, gari hukamatwa, na baada ya miaka miwili liko kwenye gereji likiwa limetoa vitu vyote isipokuwa sahani ya namba. Hatari nyingine ni wale waahidio faida kubwa kwa muda mfupi. Miaka ya 2006 na 2007 Kenya ilijaa kampuni za piramidi ambazo ziliwalipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho. Kamati maalumu iliyochunguza jambo hilo ilikadiria mwaka 2009 kwamba wananchi walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Wastaafu walikuwa miongoni mwao, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na fedha taslimu na hawakuwa na mtu wa kuwauliza.

Hesabu moja na ifanywe hapa kwa ajili ya anayekaribia kustaafu. Hati za dhamana za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu huanzia shilingi 50,000, na mwananchi yeyote mwenye akaunti aweza kuzinunua. Ikiwa karani wa mfano ataweka kiinua mgongo chake chote cha shilingi 1,080,000 katika hati zenye riba ya asilimia 12, atapata shilingi 129,600 kwa mwaka, yaani 10,800 kwa mwezi kabla ya kodi. Hiyo inakaribia pensheni yake yenyewe. Akiweka nusu tu, atapata 5,400, ambazo zatosha umeme, maji na dawa za kawaida. Ni kweli kwamba shilingi milioni moja nayo hupungua nguvu mwaka hata mwaka, na kwamba ni mtu wa moyo mgumu awezaye kuziacha Benki Kuu hali paa lake linavuja. Basi na aanze na paa. Paa halina haja ya dereva.

Kwa wale wasiopata pensheni yoyote, Serikali ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wote waliofika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, katika mpango wa Inua Jamii. Zanzibar ilitangulia, ikaanza Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 za Tanzania kila mwezi, na baadaye ikaipandisha hadi 50,000. Ile ya Kenya haikupandishwa: miaka 7 baada ya kuanza, mwaka 2025, ilikuwa bado shilingi 2,000. Zilipoanza zilitosha mzee mmoja chakula cha majuma kadhaa. Unga ulipofika mara mbili ya bei yake, fedha hizo zilikuwa zimekatwa nusu, na hakuna aliyetia sahihi kuzikata. Mtu apokeaye pensheni nyingine haruhusiwi kuingia katika mpango huu, hata kama pensheni hiyo ni ndogo kiasi gani.

Nchini Tanzania shauri hili limekuwa la hadharani zaidi, hata neno kikokotoo, ambalo zamani lilikuwa la wahasibu, limekuwa neno la vijiweni. Mwaka 2018 zilitolewa kanuni za kupunguza kiasi cha mkupuo kwa wafanyakazi wengi, watu wakalalamika sana, na mwezi wa Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha. Kanuni nyingine zilikuja mwaka 2022 zikaweka mkupuo wa asilimia 33, na mwaka 2024 ukaongezwa kwa wengine hadi asilimia 40. Mabishano yale yalikuwa na maana: mfanyakazi ataka mkupuo mkubwa kwa sababu haamini kwamba malipo ya kila mwezi yatakuwa na thamani atakapozeeka, na mfuko wataka mkupuo mdogo ili usifilisike. Wote wawili wana hoja, na bei za vitu ndizo zinazowagombanisha.

Mtu asidhani kwamba kudai haki hakufai kitu, wala asidhani kwamba hufaa upesi. Walimu wa Kenya waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walidai pensheni zao zihesabiwe kwa mishahara iliyokubaliwa mwaka 1997, ambayo haikulipwa yote kwa wakati wake. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwapa ushindi. Walitajwa kuwa zaidi ya 50,000, na deni likatajwa kwa mabilioni. Miaka ikapita na rufani zikapita, na walimu wengi walizikwa wakiwa na hukumu nzuri mkononi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Mali yake iligawanywa kwa mapatano ya mwaka 1984, Kenya ikipata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26, na kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa watu wake. Lakini wazee wa reli, posta na bandari wa Tanzania walikuwa bado mahakamani mwaka 2005. Aliyekuwa na miaka 50 Jumuiya ilipovunjika alikuwa na 78.

Wakati huo wote mtu hula nini? Mjini watu hulima katika magunia. Bustani za magunia zilienea sana Kibera tangu mwaka 2008, na gunia moja lililojazwa udongo na kutobolewa mbavuni huotesha sukuma wiki ya kutosha nyumba ndogo. Baadhi ya wazee wa Jamhuri hufuga kuku nyuma ya nyumba. Wengine waliokuwa walimu huwafundisha watoto wa jirani jioni kwa ada ndogo, na waliokuwa makarani huwaandikia watu barua na kuwajazia fomu za mtandaoni ambazo vijana wenyewe huziogopa. Kazi hizi hazileti fedha nyingi. Hulipa tokeni za umeme.

Kuna jambo moja ambalo wanaume wengi hawalisemi nyumbani, nalo ni la kusemwa kabla ya mengine yote. Mstaafu wa Serikali akifariki, wategemezi wake hulipwa pensheni kwa miaka 5, kisha hukoma. Mume aliyekuwa akikatwa asilimia 2 ya mshahara wake kwa ajili ya mpango wa pensheni ya wajane na watoto humwachia mkewe malipo mengine. Asiyekuwamo humwachia miaka mitano tu. Mwanamke aliyefiwa akiwa na miaka 62 ataona mwisho wa fedha hizo akiwa na 67, miaka mitatu kabla ya kustahili zile shilingi 2,000. Kwa hiyo mume na aketi na mkewe jioni moja, radhi iwe inatoka au haitoki, amwonyeshe ni mpango upi aliokuwamo, na jina la mke liandikwe katika kumbukumbu kama lilivyo katika kitambulisho chake, si kwa jina la nyumbani. Atahitaji cheti cha kifo, kitambulisho, barua ya chifu ya kuthibitisha jamaa, na akaunti ya benki iliyo kwa jina lake mwenyewe. Zaidi ya yote atahitaji namba ya pensheni ya mumewe, kwa maana katika ofisi za Bima House, Harambee Avenue, kila faili hufuata namba hiyo. Wako wajane waliopoteza mwaka wa kwanza kati ya ile mitano wakiitafuta namba katika masanduku.